Hortense Asikasirishwe

Jumatatu, 2 Juni
Nimepata njia! Bibi yangu wa ndoa, Hortense, iko na miaka makumi tatu na tano tu, na hajaona mwezi tangu Noeli. Docteur wa hospitali alisema mayai yanaisha mapema. Hortense alilia siku mbili. Leo nilimupeleka kwa Docteur Liang, Muchina wa dawa za majani. Alishika mukono, akaangalia ulimi, akasema nguvu ya kuzaa inakaa ndani ya figo, na figo zimechoka. Tumbo limeingia baridi. Ini nalo limefungwa na hasira. Akauliza nani anamukasirisha nyumbani. Hortense akaniangalia. Sijui sababu gani.

Jumanne, 3 Juni
Tuanze na baridi! Nikaweka mbabula, jiko letu la makaa, chini ya kiti chake, joto lipande tumboni. Akili hiyo! Kikwembe alichojifunga kiunoni kikashika moto. Kile cha ndoa, ee Mungu wangu! Jirani Floribert akamumwagia ndoo ya maji. Maji ya baridi! Nilimugombeza sana: Muchina amekataza baridi. Hortense akaniambia nitoke mbele ya macho yake.

Alhamisi, 5 Juni
Muchina aliagiza supu ya kuku mweusi mpaka ngozi, yote ya Hortense peke yake. Nilizunguka soko mpaka miguu ikavimba. Nikapika miye mwenyewe, mwanaume muzima! Lakini firigisi ni ya baba wa nyumba. Sisi Baluba hatuchezi na ile. Nikaikula. Hortense akatafuta ndani ya sufuria, akauliza iko wapi. Nikajibu mila ni mila. Akasema yeye anatafuta mutoto, miye ninatafuta firigisi. Yaliniuma, kweli.

Jumamosi, 7 Juni
Muchina amesema Hortense apumzike mbali na makelele. Amekwenda Kasenga kwa dada yake mukubwa Laurentine. Makelele gani? Labda ya Floribert.

Jumapili, 29 Juni
Haleluya! Laurentine amepiga simu: Hortense ameona mwezi! Docteur wa hospitali anasema mulango wa kuzaa haujafungwa kabisa, aendelee hivyo hivyo. Analala vizuri, anacheka, ananenepa. Nilicheza ndani ya parcelle, kiwanja chetu, Floribert akatoka kuangalia. Nikamuuliza Kasenga kuna nini. Samaki? Hewa ya muto Luapula? Akasema labda kuna kitu ambacho hakiko kule. Mujinga, anasema mafumbo! Maskini Hortense, anapona peke yake bila bwana wa kumusaidia. Nimefunga valize ya nguo. Kesho asubuhi ninamufuata, ninakaa miezi mitatu.