Ndege ya Wakwe Niliyoigeuza Mwenyewe

Leo nimejiaibisha mpaka nimetamani kujificha zizini na nisitoke tena. Wageni wameondoka sasa hivi, mama haongei na mimi, na ninaandika haya nikiwa nyuma ya jiko, nyumbani Butiama. Bora jambo hili mlisikie kwangu kabla halijafika Musoma likiwa limeongezwa chumvi.

Wanaonifahamu wanajua ugonjwa wangu. Walimu wenzangu wakitoka kazini wanaangalia tamthilia. Mimi nikifika chumbani kwangu Buhare, pale Musoma, nafungua ramani ya ndege kwenye simu. Kila ndege iliyoko angani naiona: imetoka wapi, inakwenda wapi, iko juu kiasi gani. Nikichoka na ramani, nasikiliza mtandaoni marubani wa nchi za watu wakizungumza na waongoza ndege wao. (Ndege yenyewe sijawahi kupanda. Msiulize.)

Sasa leo ndiyo ilikuwa siku ya kina Denis kuja kujitambulisha kwetu. Denis ni mchumba wangu. Wanaishi Dar, asili yao ni Guta, pale Bunda. Walikuwa wanakuja watatu: Denis, baba yake na shangazi yake. Shangazi ndiye mwenye neno la mwisho katika ukoo ule, na alishasema tangu mwanzo kwamba walimu wa siku hizi wanajua kushika simu tu, kupokea mgeni hawajui. Akiondoka na kinyongo, harusi hakuna.

Mpango ulikuwa ndege ya asubuhi mpaka Mwanza, kisha gari la kukodi, wapite Bunda hadi kwetu. Jana Denis aliniambia kwamba shangazi amekataza simu. Siku ya utambulisho kijana hazungumzi na binti kabla wazee hawajasalimiana, kwa hiyo simu zote tatu zingekaa kwenye mkoba wake. Mama akaanza kuhangaika, atajuaje saa ya kusonga ugali? Nikamwambia kwa majivuno, nikiwa nimeshika kiuno, kwamba atulie, ndege yao naiona mimi.

Asubuhi na mapema nikafanya mazoezi. Ramani yangu inaweza kurudisha safari iliyopita, kama mtu anavyorudia mechi ya jana. Nikafungua safari ya jana ya ndege hiyohiyo nijue inapita wapi, nisije nikababaika mbele za watu. Ilikuwa ndiyo kwanza inaruka, mama akaniita nikakamate kuku. Nikazima kioo, simu nikaitia mfukoni.

Saa mbili nikaitoa. Ndege hiyoo, inaondoka Dar. Wanawake wa jumuiya yetu waliokuja kumsaidia mama kupika wakanizunguka, nami nikaanza kutangaza. Wamepita Morogoro! Wapo Dodoma! Niliona inakimbia kuliko kawaida. Nikawaeleza kwamba ni upepo wa nyuma. (Mwalimu mzima. Upepo wa nyuma.)

Ilipofika juu ya Shinyanga ikazunguka mara moja. Ikazunguka tena. Halafu ikageuza pua, ikaanza kurudi ilikotoka. Nikamfuata baba, aliyekuwa amekaa barazani na suti yake ya harusi za watu.

"Baba, wamegeuka. Wanarudi Dar."

"Kwa nini?"

"Itakuwa hali ya hewa huko Mwanza. Ndege zinafanyaga hivyo."

Akaikodolea macho ile simu. "Na watu waliomo ndani, inawaonaga?"

"Hapana, baba. Inaona ndege tu."

Akampigia baba yake Denis. Haipatikani. Nikamkumbusha kwamba mtu akiwa angani hapatikani, na hapo hata yeye akaamini. Akavua koti, akavaa gambuti, akachukua fimbo, akaenda malishoni.

Nililia kidogo. Kisha mama akasema chakula cha watu wote hawa hakiwezi kulala, basi wanawake waanze kula, mchana unakaribia. Wali ukaliwa. Mbuzi akaliwa. Sato wa kukaanga, niliowabeba mwenyewe kutoka Musoma, wakabaki miiba. Mimi nilishavua gauni na kuvaa dera lililochanika kwapani. Kuku peke yake ndiye aliyebaki, kwa sababu mama alisema asiguswe, ni wa baba.

Nikamgusa. Kwetu firigisi hailiwi ovyo. Ni ya mzee wa nyumba, na akija mgeni mwanaume wa heshima anawekewa yeye. Mimi sijawahi kuionja tangu nizaliwe. Nikajiambia mwenye nayo kageuziwa angani, kesharudi kwake, na mimi nina huzuni. Nikaitia mdomoni.

Ilikuwa inakaribia saa saba. Mama mmoja wa jumuiya, kwa nia njema ya kunichangamsha, akauliza hao marubani na watu wa chini wanaongeaga nini. Jamani, mnanijua. Nikasimama mbele yao jikoni, mgongo nimeupa uwanja, mwiko mdomoni badala ya kipaza sauti, firigisi nimeisogeza shavu la kushoto. Nikabana pua.

"Ndege ya wakwe, ndege ya wakwe, hapa Butiama. Hamna ruhusa ya kutua. Geukeni kushoto, rudini mlikotoka."

Wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mtu akichekewa anaongeza.

"Na huyo shangazi mwenye mkoba ashushwe njiani. Ndege inalemewa."

Hapo hawakucheka. Mmoja akajifunika kanga usoni. Mwingine akaanza kuosha sufuria safi. Nikadhani lugha ya anga imewashinda, nikawauliza kama hawajaelewa.

"Tumeelewa," ikajibu sauti nyuma yangu.

Nikageuka. Shangazi, na mkoba wake. Baba mkwe akiangalia paa la nyumba kana kwamba anataka kulinunua. Denis akinitazama kama mtu asiyenifahamu, na simlaumu. Nikapiga magoti niwaamkie, lakini shikamoo haikutoka, firigisi ilikuwa njiani. Wakanisubiri nitafune. Wote watatu.

Wakati wananawa nikachungulia simu. Juu ya ramani, kwa maandishi makubwa, tarehe ya jana. Ya jana! Iliyogeuka ni ndege ya jana, na marudio hukimbizwa. Na simu zao? Shangazi aliambiwa kwenye ndege azizime, akazizima. Kuziwasha hakuna aliyemwambia.

Baba akaletwa kutoka malishoni na gambuti zake. Mama akasonga ugali wa udaga, ule wa muhogo, tukaweka na yule kuku, kwa sababu kingine hakikuwepo. Shangazi akafunua bakuli. Akachukua kijiko akatafuta upande huu. Akatafuta upande ule.

"Firigisi ya kaka yangu iko wapi?"

Mama akanitazama. Ningeweza kumsingizia paka, na paka alikuwepo. Lakini kumdanganya shangazi huyu juu ya aibu ile yote niliona nitakuwa nimejizika kabisa.

"Nimekula mimi, shangazi. Nilijua ndege yenu imegeukia angani, mmesharudi Dar."

Kisha baba mkwe akaweka tonge chini, mabega yakaanza kumcheza, akacheka mpaka akatoa leso. Akasema amekula firigisi za watu maisha yake yote, leo ndiyo mara ya kwanza kuliwa yake akiwa hewani. Baba naye akacheka. Denis akacheka. Shangazi akala ugali wake mpaka ukaisha, taratibu.

Jioni wakati wa kuondoka kwenda kulala Guta, shangazi akaniita pembeni ya gari. Nikaenda na dera langu lililochanika.

"Kaka yangu amecheka," akasema. "Mimi bado. Tutarudi mwezi ujao, uanze upya."

Nikamwambia karibuni sana, safari hii nitawafuatilia kwa makini tangu mnaruka.

"Tutakuja kwa basi," akasema, akifunga mlango. "Nataka nione utatugeuzia wapi."

Sasa acheni kucheka. Mwenye ramani ya mabasi anitumie.