Kisu cha Deeq Kina Ukoo Mzima Ndani

Garissa, upande wa soko la mifugo
Jumatatu, baada ya swala ya Alasiri

Kwa Mzee Sakariye Muse,
Nanyuki.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

KUH: KISU CHA MFUKONI ALICHOKICHAGUA MWANAO DEEQ

Mzee Sakariye,

Mimi ni Fatumo Alio, nyanya yake Idman, yule msichana ambaye mwanao Deeq anataka kumwoa. Kwa umri wewe ni mtoto wangu, lakini nakuita Mzee kwa sababu Nasteha anasema barua ina heshima zake. Nasteha ni mke wa mwanangu na mama yake Idman, na ndiye anayeshika kalamu. Mimi sikuingia darasani hata siku moja. Maneno ni yangu, herufi ni zake, na akijaribu kupunguza ukali nitajua, maana ananisomea kila mstari mara mbili.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mlipokuja kuposa nilisikia Kisomali chenu cha Nanyuki. Kimekaa kwenye baridi muda mrefu, kimekakamaa. Sikucheka. Nilifunika mdomo kwa mtandio nikasubiri kipite.

Sasa shauri lenyewe. Siku ile ya posa nilichinja mbuzi dume, ukala, na nakumbuka ulikula mara mbili. Katika nyumba yangu kijana anayeposa ndiye anayewakatia wazee nyama, na hukata kwa kisu chake mwenyewe kinachotoka mfukoni mwake. Paja likaletwa. Deeq akaanza kujipapasa. Ikatoka simu. Ikatoka simu nyingine. Ukatoka waya wa kuchajia simu zote mbili, leso, kalamu, na ufunguo wa gari ambalo lenyewe liko Nanyuki. Kisu hakuna. Akasema, kwa adabu nzuri, kwamba atakwenda kuazima jikoni. Nikanyamaza, na mimi nikinyamaza watu huacha kutafuna.

Ndipo nikasema mbele yako, na usikatae, kwamba Idman hatoki kwangu mpaka kijana alete kisu cha kukunja, cha kutembea nacho kila siku, alichokichagua mwenyewe. Panga sitaki, kisu cha jikoni sitaki. Marehemu mume wangu Guleid, Allah amrehemu, alikuwa na kimoja tu kwa miaka thelathini na moja. Bapa moja la urefu wa vidole vinne, mpini wa pembe, kinafunguka kwa kidole gumba hata mkono ukiwa na mafuta. Kimenolewa mpaka kimekonda kama mimi. Bado ninacho. Basi nikadhani nimeomba kitu kidogo. Kumbe. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuchelewa. Deeq alichagua kisu kwa siku ishirini. Alikuwa akitoka kwenye kazi zake za kompyuta hapa Garissa anakuja kukaa kwenye mkeka wangu na kunionyesha picha za visu kwenye simu. Akaniuliza kama chuma kinachoshika kutu lakini kinanoleka haraka ni bora kuliko kile kisichoshika kutu lakini kinasumbua kwenye jiwe. Nikamwambia kutu naijua, huwa naifuta kwa mafuta ya mbuzi, lakini kisu kisichonoleka sina dawa yake. Akauliza kuhusu mpini, awe na wa pembe, wa mbao au wa plastiki. Nikamwambia alowanishe mkono ashike kila mmoja, utakaomponyoka auache. Akaniuliza kama kisu kikae mfuko wa kulia au wa kushoto. Siku hiyo nilimfukuza. Kesho yake akarudi na swali lile lile.

Mzee Sakariye, huyu mwanao alimwona Idman jioni moja kwenye harusi ya watu huko Balambala, akaamua kabla chai haijapoa. Kisu, siku ishirini. Nataka kujua, kati ya mjukuu wangu na kisu, ni nani aliyechunguzwa vizuri.

2. Alicholeta si kisu, ni ukoo. Ni chekundu, kina urefu wa kidole changu cha kati, na ndani wamelala wengi: baba na mtoto, yaani bapa kubwa na bapa dogo, mkasi, msumeno, tupa ya kucha, bisibisi, kibanio, kifungua mkebe, na mmoja ambaye nitamtaja peke yake. Nikawaita wazee tena, nikapika paja jingine. Deeq akafungua, ukatoka mkasi. Akafunga, akafungua, ikatoka tupa. Wazee wakamtazama akipiga hodi chumba hadi chumba mpaka akampata mwenye nyumba, na wakati huo mafuta yalikuwa yameshaganda juu ya nyama. Mimi nilipojaribu kukifungua nikavunja ukucha. Kisu kina mkasi wa kucha, kina tupa ya kucha, na bado kinavunja kucha. Kinajitafutia kazi.

3. Chuma kilichojipinda. Mgongoni mwa kisu hicho kuna chuma chenye ncha, kimejisokota kama pembe ya tandala. Nilimuuliza Deeq ni cha nini. Akainamisha kichwa, akasema labda ni cha kazi ngumu. Nikakaa nacho siku mbili nikajua mwenyewe. Ni cha uboho. Unakiingiza kwenye mfupa, unazungusha, unavuta, uboho unatoka mzima bila kugonga mfupa kwa jiwe na kuvunja sahani za watu. Miaka sabini na sita nimekuwa nikigonga mifupa kwa jiwe. Nilimwombea dua aliyekibuni. Majirani wakaja kuazima. Nikamwalika sheikh wa msikiti wetu, nikamtolea uboho wa miguu minne, akasema hajawahi kukirimiwa hivyo, hata kwao Sangailu.

Siku hiyo hiyo alikuwapo Korane, jirani yetu aliyewahi kupika katika hoteli ya watalii huko pwani. Akamwona sheikh amekishika kile chuma anailamba ncha yake, akaacha kula. Sheikh alipoondoka, Korane akaninong'oneza kwamba watu wenye chombo hicho hukitumia kuvuta kizibo cha chupa ya mvinyo. Mzee Sakariye, nilikaa chini. Nimefunga Ramadhani zangu zote, hata ile ya ukame tuliyofuturu kwa maji matupu, na leo nimemlisha sheikh kwa chombo cha walevi, akaomba aongezwe. Nimekiosha mara saba. Sheikh sijamwambia. Kila akipita anaulizia mifupa.

4. Tangu kisu hicho kije, mfuko wa Deeq umekuwa ofisi ya umma. Mwenye mwiba anamtafuta Deeq, mwenye redio iliyonyamaza anamtafuta Deeq, mbuzi akijinyonga na kamba anaitwa Deeq. Watu wanamsalimia yeye kabla yangu, na mimi nimekaa mtaa huu tangu Garissa ikiwa na barabara moja. Hata sasa hivi nyumba ya geti la kijani hapo jirani inagongwa misumari tangu asubuhi, simsikii Nasteha akinisomea, na nina hakika bisibisi inayotumika humo ni ile ile.

5. Hili sikutaka liandikwe. Nasteha amesema barua isiyo na hili haijakamilika, na kalamu ni yake.

Idman ndiye anayenikata kucha za miguu kila Ijumaa, kwa wembe, kwa sababu goti langu la kushoto halikunjiki. Usidhani nina mahitaji mengi. Ananikata kucha, ananisomea ujumbe kwenye simu, anagombana nami kuhusu chumvi, na akishalala anakoroma upande wa pili wa pazia, nami ndipo napata usingizi. Ni hayo tu. Kazi ya Deeq hapa inakwisha mwezi wa sita, mke humfuata mumewe, na huko Nanyuki nasikia watu hujifunika blanketi tatu. Sijalalamika kuhusu hilo. Nimelitaja tu.

Basi Ijumaa moja Idman alikuwa amekwenda Balambala kumwona shangazi yake mgonjwa. Deeq akaleta maziwa, akanikuta nimekaa na wembe nikiutafuta mguu wangu mwenyewe kama mtu anayemtafuta mbuzi ng'ambo ya mto. Akauchukua wembe mkononi mwangu, akauweka mbali, akatoa ule ukoo wake mfukoni, na safari hii mkasi ulitoka mara ya kwanza. Akapiga magoti. Akauweka mguu wangu juu ya suruali yake ya ofisi. Akanikata kucha zote kumi, akazipitisha tupa, akaniuliza kama naumia. Neno la Kisomali analolisema sawasawa ni moja tu, lile la kumwita nyanya, na alilisema hapo. "Ayeyo," akasema, "huu mguu umetembea sana." Nikamwambia ulitembea kabla babu yake hajazaliwa, jambo ambalo si kweli.

Sasa nikuulize, Mzee Sakariye. Mtu uliyemkaidi siku arobaini, akishakukata kucha, unamkaidi kwa kutumia nini? Mwanao ameninyang'anya sababu. Hayo ni makosa, na ninyi ndio mliomlea.

Kwa hiyo naomba yafuatayo kwa heshima zote. Kosa la kile chuma lilitendeka Garissa, basi lisikilizwe Garissa. Wazee wa kulisikiliza wana shughuli mpaka mvua ijayo, na pengine mpaka ile itakayofuata. Mshtakiwa hawezi kuondoka mjini kesi yake ikiwa haijasikilizwa, kwa hiyo Deeq abaki hapa miaka mitatu. Si vizuri mshtakiwa kukaa peke yake, kwa hiyo aoe na akae na mkewe hapa hapa. Kisu nacho kibaki, kwa kuwa ndicho ushahidi. Na ili ushahidi usipotee, mshtakiwa aulete kwangu kila Ijumaa, nione kwamba mkasi bado upo.

Kama hayo hayawezekani, basi sogezeni Nanyuki karibu. Kisu kina msumeno, hamtakosa pa kuanzia.

Nisalimie mke wako Hani, aliyekula kidogo sana siku ile. Mwambie sehemu yake nimemwekea. Nisalimie watoto wote, wakubwa na wanaonyonya, majirani zako hata nisiowajua, kondoo wenu ambao nasikia wana manyoya kama mablanketi, na kila mtu wa huko anayehangaika na Kisomali. Nawaombea.

Ni mimi niliyewakasirikia kwa mapenzi,

Fatumo Alio
(dole gumba la mkono wa kulia)

Nyongeza, dole gumba likiwa bado na wino:

Deeq ameingia sasa hivi. Nikamwambia akae asikilize sehemu ya maombi kwa kuwa inamhusu. Nasteha akasoma. Alipofika pale pa miaka mitatu wakatazamana. Nikauliza kuna nini. Kumbe katika zile siku ishirini za kuchagua kisu, Deeq alikuwa ameshaiomba ofisi yao imwache hapa Garissa, na wakakubali. Na ile nyumba ya geti la kijani, ambayo nimeilaani tangu asubuhi, ndiyo aliyoikodi yeye. Ni geti la tatu kutoka kwangu. Ukikoroma kule na upepo ukiwa mzuri, nasikia. Idman anajua. Wewe unajua. Nasteha anajua tangu mwezi jana, na ameiandika barua yote hii mpaka mwisho bila kusema neno. Nikamuuliza kwa nini. Akajibu, "Mama, ulikuwa unaendelea vizuri."

Kwa hiyo futa la kwanza, la pili, la nne, na maombi yote. La tano liache lakini usimsomee mtu. La tatu nimelimaliza mwenyewe. Sheikh alipita punde kuulizia mifupa, nikamwambia ukweli wote. Akauliza kama chuma hicho kimewahi kukutana na chupa. Nikasema kilitoka kwenye kasha lake kikiwa kipya na hakijakutana na chochote ila mifupa ya mbuzi wetu. Akafikiri kidogo, akakaa kwenye mkeka, akakunja mikono ya kanzu.

Kisu cha Guleid nimempa Deeq. Alikifungua kwa kidole gumba mara moja, akakifunga, akakitia mfukoni bila kuniuliza ni mfuko upi. Kile chekundu kimebaki kwangu.

Njooni harusini Ijumaa ya kwanza baada ya mwezi kuandama. Ukija, niletee kisu kimoja kama hicho, chenye chuma kile kilichojisokota, na usichukue siku ishirini kukichagua. Ni cha sheikh. Changu simwazimi mtu.