Ajon ya Siku Mbili

Jumatatu, 7 Agosti 1995

Baba mkwe, mzee Odeke, amechoka. Anataka kumwachia mtu mashine yake ya kusaga pale Malaba. Wanaotazamiwa ni wawili: mimi, na Okwara aliyemuoa dada ya mke wangu. Mimi nina kichwa. Okwara ana mikono mikubwa. Mzee ametangaza kwamba Jumamosi ya tarehe 19 kila mmoja wetu amletee chungu cha ajon, pombe ya wimbi, yaani ulezi, aliyoitengeneza mwenyewe. Eti anayeweza kutunza wimbi anaweza kutunza mashine. Wazee!

Amoding, mke wangu, ameenda Funyula kumuuguza shangazi yake. Ameniachia debe mbili za wimbi na maagizo: loweka, otesha, anika, saga. Unga mwingine uvundike siku nne, kisha ukaange. Siku tisa! Nimemwambia asiwe na wasiwasi.

Alhamisi, 10 Agosti

Wimbi bado imo guniani. Nimefikiri sana. Kimea cha kuotesha mwenyewe ni rahisi kwa mfuko, lakini kinakula siku, kuni na mgongo. Kilicho tayari ni ghali mara tatu, lakini kinamwachia mtu nafasi ya kutumia akili. Nimevuka mpaka hadi Uganda. Kuna mama wa Tororo anauza kimea na unga uliokwisha kukaangwa, vyote katika mfuko mmoja. Akaniambia, "Ssebo, bwana, weka maji ya uvuguvugu, siku mbili unakunywa." Nikauliza ndani kuna nini hasa. Akacheka, akamgeukia mteja mwingine. Siri ya biashara!

Pesa nilipata kwa kuuza wimbi ya Amoding. Mnunuzi: Okwara! Yake ilinyeshewa. Aliinusa, akauliza kama shemeji anajua. Nikamwambia ya nyumbani kwangu aniachie mimi. Maskini. Amelipa ili afanye kazi.

Jumanne, 15 Agosti

Nimepita kwa Okwara kupeleleza. Ameinamia karai, anakaanga unga, macho mekundu, jasho hadi kiunoni. Nikamwambia dunia imesonga mbele. Akaniomba nimshikie mwiko akanywe maji. Nimekataa. Nina shati jeupe. Apolot, mkewe, akauliza kimea changu kimefika wapi. Nikasema kimefika pazuri.

Jumatano, 16 Agosti

Nimechanganya. Yule mama alisema maji ya uvuguvugu. Lakini kama uvuguvugu huchukua siku mbili, yanayochemka si yatachukua moja? Nimemimina birika mbili zinazotokota. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kuwaza hivi.

Ijumaa, 18 Agosti

Chungu hakisemi kitu. Nimeweka sikio. Kimya! Nimeonja: uji wa muhogo, tena umepoa. Ni wazi yule mama ni tapeli. Nimekimbia dukani, nikanunua hamira ya mkate pakiti tatu na sukari kilo mbili. Zote ndani. Baada ya saa moja kikaanza kunguruma. Nimekifunga mdomo kwa nailoni na mpira wa baiskeli, nguvu isitoroke.

Amoding amerudi mchana. Akatazama kona lilipokuwa gunia. Akanitazama mimi. Nilieleza kwa urefu. Aliuliza jambo moja tu, nani alinunua, kisha akaenda kuoga.

Jumamosi, 19 Agosti

Jua kali. Nimesukuma chungu kwa mkokoteni hadi kwa mzee. Wazee sita wamekaa, mirija mikononi, mzee Odeke ndani ya koti lake la kanisani. Nikasema maneno machache juu ya maendeleo. Nikakata mpira.

Povu liliruka hadi kwenye kofia ya mzee. Koti, kofia, ndevu! Wazee wawili walikimbia. Mzee alijifuta, akaonja kidole, akauliza kwa upole ni nani ameoka mkate ndani ya chungu.

Kisha akavuta kwa mrija kwenye chungu cha Okwara. Akavuta tena, macho yamefumbwa. Akauliza, "Wimbi hii ni ya nani?"

Okwara, mjinga yule, akasema ukweli. "Ni ya Amoding, mzee. Ekisa huyu aliniuzia."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wacheke. Amoding alikuwa anatazama chini. Kitu kilinibana kifuani. Nadhani ni gesi.

Mashine amepewa Okwara. Mimi nimepewa nusu debe ya wimbi. Niioteshe mwenyewe, nilete kimea Alhamisi. Nikiweza, nitaruhusiwa kufagia pale kwenye mashine. Amoding amebaki kwa baba yake. Amesema atarudi akikiona hicho kimea kwa macho yake.

Jumapili, 20 Agosti

Nyumba kimya. Nimekunywa chai bila maziwa, sijui anayaweka wapi.

Siku nne ni nyingi mno kwa kitu kidogo kama wimbi. Nimelichunguza jambo hili kwa makini. Mbegu inataka nini? Joto. Basi! Nimeloweka nusu debe yote, nimeitandaza kitandani, nimeifunika blanketi mbili, na juu nimeweka pasi ya makaa. Kesho itakuwa imeota. Keshokutwa nampelekea mzee, atajuta kumpa Okwara mashine.

Naandika nikiwa nimekaa mlangoni. Kuna harufu kidogo ya kuungua. Vizuri. Joto limeanza kuingia.