Tambuu za Mama na Kidole Gumba

Jumapili, 3 Novemba
Daktari amesema kidonda cha Mama kisipopata nafuu kwa vidonge vipya, kidole gumba cha mguu kitakatwa. Nimelia chooni. Kisha nikapata wazo. Kwenye maabara ya chuo chetu hapa Rajshahi, ninakoosha vyombo, mtafiti Zobaida anachanganya maji ya mwarobaini na antibayotiki ili dawa iliyoshindwa na bakteria ipate nguvu tena. Mwarobaini! Nani hana mwarobaini? Mimi nitatumia tambuu, majani anayotafuna Mama kutwa.

Jumanne, 5 Novemba
Nimeiba tambuu kwenye kijaluba cha Mama, nikazitwanga. Maji yake nimeyadondosha kwenye kikaratasi chenye antibayotiki, nikakilaza kwenye kisahani cha bakteria. Zobaida aliuliza nanusanusa nini mezani kwake. Nikasingizia mafua.

Jumatano, 6 Novemba
Ushindi! Bakteria wamekufa duara zima, kubwa kama kifuniko cha soda. La Zobaida ni kifungo cha shati. Nimempa Mama kichupa cha maji yangu ya tambuu, adondoshee kidondani, daktari asijue. Akaniambia nimefanya vizuri, nikalale.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimemwonyesha Zobaida kisahani changu. Hakucheka, na hilo liliniudhi zaidi. Aliuliza majani nimeyatoa wapi, na kama Mama huyapaka chokaa kabla ya kuyaweka kijalubani. Huyapaka. Nani hapaki?

"Basi ni chokaa iliyoua, kaka Anisur," akasema. "Nitaipima peke yake. Ila usije ukaitia kwenye kidonda, inaunguza nyama."

Nimekimbia hadi nyumbani, kandambili moja imebaki njiani. Mama alikuwa anatafuna tambuu zake. Kichupa kitupu! Nikaanguka miguuni pake nikilia, nikamwambia nimemuunguza.

"Nilikimwaga chini ya mpera jana ileile," akasema. "Nimekuzaa mimi. Nakujua."

Jumatatu, 18 Novemba
Kidole kinabaki! Daktari amesema vidonge vipya vimefanya kazi, ila Mama avimalize vyote. Nimefurahi mpaka nimembusu daktari mkono. Zobaida naye amenionyesha: chokaa peke yake imetoa duara lilelile.

Sawa. Lakini Mama ametafuna tambuu muda wote huo akiwa anameza vidonge. Hilo nani amelipima? Na mpera uliomwagiwa dawa yangu umechipua kwa nguvu ajabu. Majani yake nimeshayatwanga, nimetia na chokaa kidogo.

Shangazi Rokeya ana jipu mgongoni. Bado hajui bahati yake.