Ziara ya Baiskeli Siku ya Zamu

Jumatatu, 14 Julai 2003

Muhuri umefika! Umechongwa Arusha. "Hermani Baiskeli na Utalii, Dongobesh, Mkoa wa Manyara." Neno Manyara limetokea vizuri sana. Nimeupiga kwenye karatasi nne, kwenye jalada la daftari hili na, kwa bahati mbaya, kwenye kitambaa cha meza cha mke wangu.

Sasa nina kampuni. Bado baiskeli, wageni na ofisi, lakini hayo yatakuja. Tangu tupewe mkoa wetu kila mtu anasema watalii watamiminika, na mimi nimewatangulia.

Konsolata ameona kitambaa. Ameuliza kama muhuri unaliwa. Wanawake hawaelewi biashara huria.

Jumanne, 15 Julai

Mgeni! Na amefikia gesti ya Clement, nani mwingine. Clement ni jirani yangu nyumbani na jirani yangu shambani, na kila jambo jema huangukia upande wake wa mpaka.

Nilikimbilia huko nikidhani nitakuta Mzungu. Nimekuta mama wa miaka sitini na kitu, Mwalimu Zita, mstaafu wa jiografia kutoka Moshi. Anazunguka nchi kwa baiskeli. Peke yake! Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku akikaza mnyororo, mikono imejaa grisi. Anataka kupita bonde letu la umwagiliaji lote, toka bwawani hadi mwisho wa mifereji, siku nzima.

Clement akaanza kusema kwamba yeye anaweza kumwonyesha. Nikamkatiza. Nikasema bonde hilo nalijua mfereji kwa mfereji. Nikatoa karatasi yenye muhuri. Mwalimu aliisoma, akatabasamu, akasema basi Alhamisi.

Ukweli ni kwamba katika miaka yangu arobaini na moja sijawahi kuvuka mfereji wa tatu. Jaruba letu la vitunguu liko hapo, karibu na barabara. Zaidi ya hapo kuna nini cha kumpeleka mtu? Lakini bonde ni tambarare. Mtu anapoteaje mahali tambarare?

Jumatano, 16 Julai

Tatizo dogo. Kesho ni Alhamisi, na Alhamisi ni zamu yetu ya maji, saa saba mchana hadi saa kumi. Konsolata anampeleka dada yake kliniki Mbulu mjini. Ameniachia mimi zamu.

Amenikalisha chini kama mtoto. Amesema vitunguu ndiyo vinaanza kujaza, vikikosa maji wiki hii vitabaki vidogo kama mbegu. Mahindi yalishakauka mwezi wa nne. Tukikosa vitunguu hatuna kingine mwaka huu. Amesema niwe jarubani saa sita na nusu, na jembe mkononi. Nimeapa.

Nimepiga hesabu. Tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi, saa sita tumemaliza bonde, saa sita na nusu niko jarubani. Tena nitampitisha Mwalimu hapo aone mkulima wa kisasa kazini.

Baiskeli ni ya Konsolata, ile ya kubebea magunia. Nimeng'oa keria ya nyuma ili ionekane ya kitalii. Nati mbili zimebaki. Sijui ni za wapi.

Alhamisi, 17 Julai

Naandika jioni. Mikono inauma, kalamu inaniponyoka. Lakini lazima niandike, kwa sababu leo nimeona.

Tuliondoka na ukungu. Baridi ya Julai, pua zinachuruzika. Mwalimu alikuwa mbele tangu mwanzo. Nilimweleza kuwa kwetu mwongozaji hukaa nyuma kwa usalama wa mgeni. Alisema vizuri.

Kisha jua likatoka na ukungu ukainuka, na nikasimama. Kweli nilisimama, mguu mmoja chini. Bonde lote lilikuwa maji na kijani! Majaruba na majaruba, kila moja na kioo chake cha maji, hadi macho yanachoka. Vitunguu, vitunguu saumu, maharage, tena vitunguu. Kila mahali harufu ya saumu hadi kooni. Yangeyange weupe wanatembea kwenye matope nyuma ya wakulima, hawaogopi mtu. Na mbali kusini, mlima Hanang umekaa peke yake juu ya mawingu.

Maji hayo yote yanatoka kwenye lile bwawa ambalo tangu ujana wangu nililiita dimbwi. Yanagawanyika na kugawanyika tena, hadi unakuta kijimfereji cha upana wa kiganja, na mwisho wake mama mzee ameinama anakiongoza kwa kidole kwenye mche mmoja. Kwa kidole! Nilimwangalia hadi nikasahau kukanyaga pedeli, nikaingia kwenye saumu za watu.

Mwalimu aliniuliza mfereji ule unaitwaje. Nikasema jina. Aliuliza na wa pili. Nikasema jina jingine. Kufikia wa nne nilikuwa nataja shangazi zangu.

Aliuliza pia maji yanagawanywaje. Hapo nilijua, nikamweleza kwa kirefu. Kwetu lango la mfereji haliguswi na mtu yeyote isipokuwa mgawa maji. Mgawa maji ni Mzee Margwe. Hata mwenye zamu akiona kibao cha lango kimekaa vibaya, anamwita mzee, haweki mkono. Ndiyo maana watu mia tatu wanakunywa kwenye mfereji mmoja bila kupigana. Mwalimu alivua kofia. Alisema alifundisha umwagiliaji miaka thelathini kwenye ubao na hajawahi kuuona ukiwa hivi. Nilijisikia kama mimi ndiye niliyeuchimba.

Nikamwuliza saa. Saa saba na nusu!

Zamu imeanza nusu saa iliyopita, maji yanaingia kwenye mfereji wetu na hakuna mtu wa kuyapokea. Na sijui tuko wapi. Nilihesabu mifereji kutoka upande ule wa juu, nikapata kwamba tuko kwenye wa sita. Ng'ambo yake kulikuwa na njia inayoelekea barabarani, njia ya mkato kabisa. Lakini mfereji ulikuwa umejaa, unakwenda kwa nguvu, na daraja hakuna.

Lango lilikuwa hapo hapo.

Nilishusha kibao. Basi! Maji yakageukia mfereji mkuu, huu ukakauka taratibu, tukavuka na baiskeli zetu bila kulowa soksi. Mwalimu aliuliza kama si lile lango nililosema haliguswi. Nikasema wenye kampuni tuna ruhusa ya dharura. Kisha nikaona kwamba lango limebaki ng'ambo ile. Nikirudi kulifungua, nitabaki upande ule. Nikasema nitamtuma mtu.

Njia ya mkato iliishia kwenye shamba la maharage. Nati zile mbili zilijulikana zilikuwa za wapi: gurudumu la nyuma lilitoka. Tuliburuta baiskeli. Na hata hapo, Mungu anisamehe, kila nilipoinua kichwa niliona jinsi bonde linavyong'aa nikasahau kuwa nina shida.

Karibu saa kumi tukaona watu wamesimama kwenye jaruba moja. Kama kumi na tano, wamekasirika. Katikati yao Mzee Margwe na fimbo yake. Nilimwamkia kwa heshima, nikauliza kuna nini. Nikaelezwa kwamba kuna mtu ameshusha kibao katikati ya zamu ya mwenzake. Maji yamekatika zaidi ya saa mbili. Mzee alikuwa juu bwawani, hadi afike kuligundua lango na kulifungua, zamu inakwisha. Saa kumi maji yanahamia kwa jirani, na zamu haiongezwi.

Niliona nafasi. Mgeni anatazama! Nikapanda kwenye tuta, nikahutubia. Nikasema mtu huyo ni adui wa kijiji. Nikasema asitozwe mbuzi, mbuzi analiwa na kusahaulika. Achote maji kwa debe, yeye mwenyewe, hadi kila mstari wa jaruba hili ulowe. Azoe tope la mfereji mzima peke yake. Jina lake lifutwe kwenye daftari la zamu. Watu waliitikia kwa sauti. Sijawahi kuitikiwa hivyo maishani.

Mzee Margwe akaniuliza taratibu kama hayo ni maneno yangu. Nikasema ni yangu kabisa.

Hapo Mwalimu Zita akaweka baiskeli yake chini. Akasema, si kwa ukali, kwa sauti ya mtu anayesubiri mtoto akumbuke jibu, "Hermani, waambie ni nani."

Nikatafuta pa kuangalia. Nikaangalia jaruba, nyufa zake, majani yaliyoanza kulala. Pembeni palikuwa na jembe ninalolijua, nimelitia mpini mwenyewe. Aliyelishika alikuwa amekaa kwenye tuta, kitenge kimelowa tope hadi magotini. Konsolata. Alirudi mapema kutoka kliniki. Alikuta maji yanaingia na mimi sipo, akayaongoza mwenyewe, mistari minne tu, yakakatika mikononi mwake.

Haukuwa mfereji wa sita. Ulikuwa wa tatu. Nilikuwa sijawahi kuuona kutoka upande ule.

"Ni mimi," nilisema.

Konsolata hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Aliniangalia tu, akasema, "Baba Glory, saa kumi imefika. Chukua debe."

Zamu ya saa kumi ni ya Clement, bila shaka! Ameruhusu tuchote kwenye maji yake kwa debe. Nimechota. Konsolata amechota. Mwalimu Zita wa miaka sitini na kitu amechota, amekunja suruali. Na Clement naye, bila kuulizwa, akaacha jaruba lake akachukua ndoo. Anajionyesha mbele ya mgeni. Ninamjua.

Mara moja nilinyanyuka kupumzisha mgongo. Jua lilikuwa linashuka, bonde lote limekuwa jekundu kwenye maji, na mke wangu anamimina ndoo kwenye mche mmoja mmoja kama anamwogesha mtoto. Nilimpenda sana. Niliona aibu hadi machozi. Nimeandika hivyo na sitafuta.

Ijumaa, 18 Julai

Nimechota tangu alfajiri. Mistari ishirini na mitatu kati ya arobaini. Mzee Margwe amepita, amepapasa udongo kwa vidole, amesema hii iliyolowa itapona. Iliyobaki inategemea Alhamisi ijayo: ikipata maji siku hiyo, tutavuna. Ikikosa, basi.

Mwalimu Zita ameondoka kuelekea Katesh. Ameniambia nimemwonyesha bonde zuri kuliko yote aliyoyaona, na kwamba nisimwongoze mtu mwingine tena. La kwanza nimelikariri.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya misa kamati ya maji imekaa. Jina langu limefutwa kwenye daftari, limeandikwa la Konsolata peke yake. Watu wamempigia makofi. Nimekatazwa kukaribia lango. Nilijisikia vibaya sana, kama robo saa.

Kisha nikaelewa. Sina zamu. Sina jembe. Alhamisi yote ni yangu! Clement anapokea wageni wawili kutoka ofisi za mkoa Babati, wanataka kutembea. Nimewahi gesti kabla hajawaambia lolote na kuwaachia karatasi, mihuri miwili.

Nimewaandikia: Alhamisi, saa saba mchana, mfereji wa tatu, kutoka upande wa juu ambako bonde linaonekana lote. Wasiogope maji. Kampuni ina njia yake ya kuyakausha.