Mitamba ya Mjane wa London

Januarius alikuwa akila chapati ya pili kwenye mgahawa mmoja wa Somanda, mjini Bariadi, alipoinua macho akaliona bango ng'ambo ya barabara. Lilikuwa jipya, rangi bado inang'aa: MAYIGE NA WANAWE, TUNAKOBOA MPUNGA, TUNAUZA MCHELE. Chini yake namba ya simu, na chini ya namba ya simu, kwa herufi kubwa kuliko jina la mwenyewe, anwani ya barua pepe.

Januarius akatabasamu mpaka mwenye mgahawa akadhani ni utamu wa chapati.

Tuelewane mapema kuhusu huyu bwana. Wapo wanaomwita mwizi, na hapo wanamwonea. Mwizi hupanda ukuta, huchanika suruali, hukimbizwa na mbwa. Januarius hakuwahi kutoka jasho kazini. Alivaa shati jeupe lenye kalamu mbili mfukoni, aliendesha Noah nyeusi aliyoipenda kuliko ndugu zake, na kazi yake ilikuwa ya mikono miwili.

Mkono wa kushoto uliandika barua pepe. Alizunguka Bariadi na miji ya jirani akisoma mabango, maana siku hizi hata muuza misumari ana email ukutani, kisha mwenye duka alipokea ujumbe kutoka kwa anayedhani ni msambazaji wake: "Ndugu mteja, tafadhali fahamu kwamba namba yetu ya malipo imebadilika." Wengine waliandikiwa na Bi. Elizabeth, mjane tajiri aliyelazwa hospitali huko London, anayetafuta mtu mwaminifu wa kumwachia mali, ila kwanza mwaminifu huyo atume ada ya mwanasheria.

Mkono wa kulia ulikuwa wa wale waliogoma kutuma. Hao aliwaendea mwenyewe, kwa jina la Injinia, akawauzia kinga dhidi ya barua hizohizo.

Na alikuwa na sheria moja, aliyoishika kuliko amri za kanisani: aliyeibiwa kwa barua asimwone sura wala asimsalimie. Usukumani ukishamsalimia mtu umekwisha. Atakuuliza kwenu ni wapi, baba yako nani, ng'ombe wenu wangapi, na miaka kumi baadaye atakutambua mnadani kwa kisogo tu. Januarius aliyajua hayo vizuri kwa sababu alikulia Maswa akichunga ng'ombe wa baba yake, ingawa mjini alijitambulisha kama mtoto wa Dar, na Kisukuma alijifanya hakijui hata cha kuombea maji.

Mzee Mayige, mwenye bango, aliandikiwa na mjane siku hiyohiyo. Alijibu barua zote kwa upole, lakini badala ya kutuma ada aliuliza Bi. Elizabeth anatokea ukoo gani. Baada ya majibu ya tatu ya namna hiyo, Januarius akaamua kwamba huyu ni wa mkono wa kulia. Akavuka barabara na boksi lake kwapani.

Boksi lenyewe lilikuwa stabilaiza ya friji iliyopakwa rangi nyeupe na kuandikwa KICHUJIO. Lilikuwa na taa mbili, ya kijani na nyekundu. Ile nyekundu iliungua zamani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Karibu. Kaa hapo juu ya gunia, hicho kiti kina wasiwasi mguu mmoja."

Ofisi ilinukia pumba. Mzee Mayige alikuwa mgane mrefu, mwenye maneno machache. Binti yake Kija, mama wa watoto wawili, ndiye aliyekaa kwenye kompyuta, na ndiye aliyeshika pesa.

"Mzee, dunia imeharibika," Injinia akaanza. "Kuna watu wanaandika barua za uongo, wanafilisi biashara za wenzao. Watu hawana haya kabisa!" Alisema kwa uchungu wa kweli, maana alikuwa anamfahamu mhusika. "Sasa hiki unachomeka hapa. Barua ikiingia, taa ya kijani maana yake salama. Nyekundu, mwizi huyo."

"Sisi tuna kinga yetu," Kija akasema bila kugeuka. "Mtu akiandika eti namba imebadilika, namtwangia simu kwa namba ninayoijua siku zote. Nisiposikia sauti yake na habari za watoto wake, haitoki hata shilingi."

"Simu!" Injinia akacheka kidogo, kwa heshima. "Dada yangu, tuko karne gani?"

Mzee Mayige akakohoa. "Hicho kichujio, kitamzuia na Elizabeth?"

Kija akafumba macho. "Baba, jamani."

"Elizabeth yupi, mzee?"

"Wa London. Ananiandikia. Kafiwa na mume, anaumwa, yuko peke yake. Hiyo mali yake mimi siitaki. Nataka kumwoa." Akatazama viganja vyake. "Nyumba ina ukimya tangu mama yake Kija afariki. Nimeshaagiza kitanda kwa fundi. Na nimetenga ng'ombe thelathini."

Injinia akapaliwa na mate yake mwenyewe.

Ng'ombe thelathini! Biashara ya vichujio ikafa hapohapo kichwani mwake, ikazikwa, na matanga yakaanuliwa. Ng'ombe hawahitaji mwanasheria. Ng'ombe wanatembea wenyewe mpaka mnadani.

"Tumpime huyo mama," akasema, akachomeka boksi. Kija akafungua barua ya mjane. Taa ya kijani ikawaka, kama ilivyowaka kila siku ya maisha yake.

"Kijani! Mzee, huyu mama ni wa kweli. Mashine haina upendeleo."

"Umeona?" Mzee Mayige akamwambia binti yake.

"Mwandikieni sasa hivi habari ya ng'ombe," Injinia akashauri. "Mimi natoka kidogo, napigiwa na Dar."

Kija akaandika shingo upande. Nje, nyuma ya rundo la pumba, vidole vya Injinia vilikuwa tayari kwenye simu. Nia yake ilikuwa kuandika mistari miwili ya kukubali, basi. Lakini mtu aliyekulia nyuma ya mikia ya ng'ombe hawezi kutajiwa ng'ombe akaacha kulalamika. Majibu yalipoingia, Kija aliyasoma kwa sauti:

"Mpenzi Mayige, machozi yamenitoka. Nimekubali. Ila thelathini ni wachache kwa mjane wa hadhi yangu, fanya arobaini. Sitaki madume, sitaki waliochakaa meno. Nataka mitamba watupu waliokaribia kuzaa, na aliyevunjika pembe simpokei. Kwa kuwa niko mbali, namteua mtu yeyote mwaminifu aliye karibu nawe sasa hivi, hasa mwenye ujuzi wa kompyuta, asimame kama kaka yangu. Jumamosi ijayo nitakuwa Lamadi. Wako, Elizabeth."

Injinia akarudi ndani akiingiza simu mfukoni. Alipoelezwa kwamba ameteuliwa, akajishika kifua kwa mshangao mzuri sana.

Mzee Mayige aliinama muda mrefu. Alipoinua uso, haukuwa na kitu.

"Anajua ng'ombe huyu mama," akasema.

"London wana ng'ombe wengi mno, mzee."

"Basi wewe ndiye shemeji yangu. Ila kwetu, wenye binti ndio wanaolisha wageni. Ng'ombe hawapelekwi kwenye nyumba yenye jiko baridi."

"Na mtakuja wangapi?"

"Wachache. Kama hamsini."

"Turubai, fahali, mchele na wapishi utapata kwetu," Kija akaongeza, na kwa mara ya kwanza akamtabasamia. "Nitakutumia invoisi kwa email."

Wiki hiyo Januarius hakulala vizuri kwa furaha. Alikwenda Lamadi akamkodi Monika, muuza samaki mwenye ua mpana na sauti ya kuita wateja kutoka ng'ambo ya ziwa. Alimnunulia shela nzito, akamwambia kazi yake ni kuwa mjane wa London na kunyamaza.

"Mimi hata Mwanza nimefika mara mbili tu," Monika akasema.

"Ndiyo maana nimekwambia unyamaze."

Invoisi ya Kija ikaja, na ilikuwa nene kama shingo ya fahali aliyeorodheshwa ndani yake. Kesho yake ukaja ujumbe mwingine: "Ndugu mteja, tafadhali fahamu kwamba namba yetu ya malipo imebadilika." Msomaji, huyu ni mtu aliyekuwa ameiandika sentensi hiyo mara nyingi kuliko jina lake. Angeweza kuikariri usingizini. Lakini macho yake yalikuwa yamejaa mitamba, mitamba waliokaribia kuzaa, na akalipa kwenye namba mpya mavuno yote aliyokusanya Bariadi.

Jumamosi basi zima la wageni likaingia Lamadi. Wakashuka akina mama wenye vitenge vipya na akina baba wenye kofia, wakajazana chini ya turubai. Ng'ombe hawakuwemo.

"Wanakuja kwa miguu," Mzee Mayige akasema. "Wameshavuka Dutwa."

Masufuria yalikuwa yanachemka, lakini wapishi walikuwa wamekalia mifuniko. Kija akamvuta Injinia pembeni.

"Kaka, malipo hatujayaona."

"Nililipa! Huu hapa ujumbe."

Kija akausoma polepole. "Namba hii siyo yetu. Mwenzangu, kwani hukupiga simu kuuliza?"

Injinia akausoma tena ujumbe ule. Wageni hamsini walikuwa wanamtazama, wana njaa, na mitamba arobaini wameshavuka Dutwa. Mjomba wa bwana harusi, mtu mnene aitwaye Maduhu, akajitolea kwa moyo mweupe: angelipia yeye, mradi aachiwe Noah na kadi yake. Januarius akaubusu ufunguo, akautoa. Gari ni nini mbele ya ng'ombe arobaini?

Mifuniko ikafunguliwa. Watu walikula kwa bidii ambayo sijui niieleze vipi. Kuna bibi mmoja aliyefungasha paja zima kwenye kitenge, na hakumficha mtu.

"Ng'ombe wamefika wapi, mzee?" Injinia akauliza baada ya sahani ya kwanza.

"Wako Nyakabindi."

"Lakini Nyakabindi iko nyuma ya Dutwa!"

"Walikumbuka majani ya kule."

Baada ya sahani ya tatu ng'ombe walikuwa wamerudi Bariadi mjini. Hapo Mzee Mayige akasimama, akagonga glasi kwa kijiko, akasema kabla ya mahari ndugu wajitambulishe, ndiyo heshima.

Mama mmoja akasimama. "Mimi naitwa Gloria, nina gesti pale stendi. Niliandikiwa kwamba namba ya wauza magodoro imebadilika, nikalipa, hayakuja. Na ile namba uliyoilipia wiki hii, shemeji, ni yangu. Wabeja sana, nashukuru."

Maduhu akasimama na ufunguo wa Noah kidoleni. "Mimi nauza vifaa vya ujenzi. Mabati. Namba ilibadilika."

Akasimama mwingine, na mwingine. Mashine ya kusaga, namba imebadilika. Mbegu za pamba, namba imebadilika. Kila mmoja alikaa akipigiwa makofi. Januarius aliwatazama watu aliowaibia, na ni kweli kabisa, hakuna hata sura moja aliyowahi kuiona.

"Niliuliza tu kwenye grupu la wafanyabiashara nani kaandikiwa hivyo," Kija akasema. "Wakajaa basi. Na ile stabilaiza yako tumeifungia friji, inafanya kazi vizuri."

"Mlijuaje?" Januarius akauliza.

Mzee Mayige ndiye aliyejibu. "Mjane wa London anakataa ng'ombe aliyevunjika pembe? Nilivyosikia ile barua nilijua kaiandika mchungaji mwenzangu, tena yuko nyuma ya pumba zangu." Akatazama viganja vyake. "Nilihuzunika, kijana. Usidhani sikuhuzunika. Kitanda kimeshapigwa vanishi."

Kitanda hicho pengine ndicho kitu pekee siku hiyo kilichomchoma Januarius mahali pasipo na mfuko.

Mwisho kabisa akasimama mzee mfupi mwenye fimbo. "Mimi Ngassa. Sina email. Ni kamanda wa sungusungu, nimewasindikiza tu hawa. Wali ulikuwa mtamu."

Januarius akautazama mlango wa ua, akakuta umeshakaliwa na watu wengine wenye fimbo. Hapo ndipo bi harusi, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akauliza kwa sauti iliyotikisa turubai:

"Ngoja kwanza. Namba ya malipo imebadilika, hata ya mafriza?"

Monika akavua shela, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kiti. "Friza yangu ya samaki! Nililipa, namba ikabadilika, nikalipa tena! Sangara wangu wakaoza wote!" Akachukua mwiko wa jikoni, ule mkubwa.

Januarius akaruka meza, akachanika suruali, na jasho, lile ambalo hakuwahi kulitoa kazini, likamtoka mpaka kwenye kalamu zake mbili. Akajibanza nyuma ya mgongo wa kamanda.

"Kamanda, nikamate! Nakuomba, nikamate haraka!"

Kamanda hakuwa na haraka. Alimgeukia, akampa mkono.

"Tusalimiane kwanza. Mwadila, ng'wanawane. Kwenu ni wapi? Baba yako nani? Ng'ombe wenu wangapi?"

Na Injinia wa Dar, mwiko ukiwa umeinuliwa juu ya kichwa chake, akajibu yote kwa Kisukuma safi, kuanzia Maswa kwa baba yake mpaka ndama wa mwisho zizini, na Mzee Mayige akivuta kiti karibu amuulize vizuri habari ya mitamba.