Manyoya Ndani ya Sanduku la Akmaral

Jumatatu, 7 Aprili
Nimeamka na mashaka. Mjukuu wangu Akmaral na wenzake wa chuo kikuu wameunda kisanduku cha kwenda angani. Ndani wametia chachu ya kumisi, maziwa yetu ya farasi, waone kama itafanya kazi kule kusiko na uzito. Chachu yenyewe ni yangu! Alhamisi kinakaguliwa. Kikishindwa, roketi inaondoka bila wao, na miaka miwili ya mtoto wangu imekwenda bure. Kwa sasa kinakaa jikoni kwangu. Yule Madiyar, mwenzake, anakuja kila siku kukitazama. Eti anaangalia feni yake ya ndani. Feni ina miguu?

Jumanne, 8 Aprili
Madiyar kala maandazi kumi na moja, akayasifu bila kuulizwa. Ana jambo. Nikamtaka anitajie mababu zake hadi wa saba, desturi yetu ya kumpima mtu. Akawataja wote, hakukwama hata mmoja. Kajiandaa! Mtu safi hajiandai hivyo.

Jumatano, 9 Aprili
Nimechoka kungoja hasidi atutangulie. Nimefungua skrubu nne kwa kisu cha siagi, nikatia manyoya matatu ya bundi. Kwetu ndiyo kinga ya macho mabaya; haya niliyashona kwenye kofia ya Akmaral tangu akiwa mchanga. Manyoya hayana uzito, nani atajua? Nikakiambia kisanduku kiende kirudi kizima. Machozi yalinitoka kidogo. Mvuke wa chai.

Alhamisi, 10 Aprili
Balaa! Nilimsindikiza Akmaral chuoni, nikisingizia kubeba maandazi. Wakakiweka kisanduku kwenye meza ya kutetemesha. Dakika mbili tu, feni kimya. Mkaguzi, mama mmoja mkavu, akauliza nani alikifunga. Madiyar akafungua, akaona, akanitazama. Mimi nikatazama dirisha.

“Kosa langu,” akasema. “Ni manyoya ya kola ya koti langu.”

Koti lake halina manyoya! Nimelikagua mwenyewe.

Wakapewa nusu saa. Madiyar akayatoa kwa kibanio, unyoya kwa unyoya, Akmaral akimmulikia. Feni ikazunguka. Kimepita! Mtoto wangu alinikumbatia hadi mbavu zikalia. Kwenye korido Madiyar akanirudishia manyoya yangu ndani ya karatasi.

“Hata kwenye susu yangu nilipokuwa mchanga yalikuwepo, Bibi,” akaninong’oneza. “Ila skrubu niachie mimi.”

Ijumaa, 11 Aprili
Nimewaza asubuhi nzima. Kijana abebe kosa la mwenzie kwa nini? Anataka kitu. Nimemwambia Akmaral yote, hata ya manyoya. Kacheka, kisha kaona haya, kisha kajifanya anaosha vikombe vilivyokwisha oshwa. Nimemwelewa. Sasa ndiyo hatari yenyewe!

Anasema mwakani watarusha kisanduku kingine. Kaniapisha nisikiguse. Nimeapa. Mchana nimempigia simu dada yangu kijijini, anitafutie ukucha wa mbwa mwitu, nao ni kinga.

Ukucha hauna manyoya ya kukwamisha feni.